Ufunguo wa Chumba cha Nyuma

Baba Pacha alikuwa fundi wa lifti, na mkewe alipenda kusema kwamba kazi hiyo ilimfaa kuliko zote: kupanda na kushuka mchana kutwa, na jioni kujikuta palepale. Alimwambia mbele yake, tena huku akimpakulia chakula, kwa hiyo haikuwa siri wala haikuwa ugomvi.

"Afadhali mimi napanda," mumewe alimjibu. "Wewe kutwa nzima mashuka."

"Mashuka yakitoka kwangu kiwandani yamekunjwa. Lifti ikitoka kwako, kesho imekwama tena."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri. Kilichomkera Mama Pacha kilikuwa juu ya kabati. Walihamia nchi ile yapata mwaka mmoja na nusu uliopita, na masanduku yao matatu makubwa bado yalikuwa pale, yamefungwa mikanda kana kwamba teksi iko mlangoni. Dirishani walitundika shuka, kwa sababu Baba Pacha alikataa kununua mapazia ya dirisha la watu. Saa ya ukutani ilisoma muda wa kwao. Aliyetaka kujua muda wa hapa alitazama simu, au jiko. Pacha wenyewe, msichana na mvulana wa miaka saba, walikuwa wamezoea kufanya hesabu kila wanapoinua macho ukutani, na mwalimu wao alikuwa anashangaa jinsi walivyo hodari wa kutoa na wavivu wa kujumlisha.

"Sisi ni wageni," Baba Pacha alisema kila lilipotajwa jambo la kununua, kutundika au kupigilia msumari. "Tunapita."

"Unapita na kitanda cha ghorofa?" mkewe alimuuliza siku walipowanunulia watoto.

"Hicho kinafunguka. Skrubu nane tu."

Na mfukoni, pamoja na funguo za vyumba vya mitambo ya lifti, alitembea na ufunguo mmoja wa shaba uliochakaa. Ulikuwa wa chumba cha nyuma katika nyumba aliyoijenga kwao, nyumba anayoishi mama yake. Siku ya kuondoka alikifunga mwenyewe, na kitanda, godoro, redio na viatu vya harusi ndani yake, akamwambia mama yake getini kwamba anakwenda mara moja tu. Akichoka, au akigombana na msimamizi wake, aliutoa ufunguo ule akausugua kwa kidole gumba. Mtu mwenye chumba chake, alisema, hajahama. Ametoka kidogo.

Mama Pacha hakuwahi kubishana na ufunguo. Alikuwa na mambo yake.

Kabla ya kuhama alikuwa amesomea diploma ya malezi ya watoto wadogo, na hakuisomea ili akunje mashuka ya hospitali kwenye kiwanda cha kufulia, amesimama kwenye mvuke mpaka vidole vinakunjamana kama vya mtu aliyezama. Kila asubuhi aliwaona mama wenzake ngazini wakihangaika na watoto wasio na pa kuwaacha. Akaamua kuomba kibali cha kulea watoto mchana, nyumbani kwake. Wakaguzi walikuja. Sebule ilipimwa, soketi zikafunikwa, kona za meza zikavishwa sponji, kengele ya moshi ikajaribiwa mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa fagio. Kila kitu kilipita. Mama watatu walikwisha mwahidi watoto wao, naye, kwa kuwa si mtu wa kungojangoja, alikwisha aga kiwandani.

Ikabaki karatasi moja. Ofisi ya vibali ilitaka uthibitisho kwamba kila mtu mzima wa nyumba hiyo amewasilisha ritani ya kodi, yaani taarifa ya mapato yake, ya mwaka uliopita. Mwisho ulikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Mtaa wao ulitengewa kibali kimoja tu, na baada ya Ijumaa kingekwenda kwa aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

Ritani ya Mama Pacha iliwasilishwa zamani. Ya mumewe haikuwepo.

"Kodi wanakata kwenye mshahara kila mwezi," Baba Pacha alisema. "Mimi na wao tumemalizana."

"Wao hawajui kama mmemalizana. Ndiyo maana wanataka uandike."

"Ritani ni ya wakaazi. Mimi mgeni."

"Mgeni gani ana kadi ya punguzo la duka la nyama?"

Baba Pacha hakucheka. Alikuwa ameshika bakuli lake kwa mikono miwili, na Mama Pacha, aliyemjua, akaona kwamba hapa hapakuwa na ukaidi peke yake. "Nikisaini kwamba mimi mkaazi wa hapa," akasema polepole, "nimesaini kwamba sirudi. Mama akisikia, nitamwambia nini? Nilimwahidi getini."

"Mama atasikia vipi? Ofisi ya kodi itampigia?"

"Nitakuwa najua mimi."

Mama Pacha akamwondolea bakuli mikononi. Kisha akasema Jumamosi watakwenda wote wawili kwa Shangazi wa Kodi, na hilo halikuwa swali.

Shangazi wa Kodi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mhasibu mstaafu, mtu wa lugha yao, aliyehamia nchi ile zamani sana, na kila Jumamosi alikaa kwenye meza ya kona ya maktaba akiwasaidia wahamiaji wapya bila malipo. Watu walimwita hivyo naye akaitika, kwa kuwa alishasikia majina mengine aliyopewa na wale aliowaambia ukweli. Alikuwa na miwani yenye mnyororo na chupa ya chai asiyomgawia mtu.

"Karibuni. Huyu ndiye mgeni?" akauliza, akimtazama Baba Pacha juu ya miwani.

Baba Pacha akamgeukia mkewe.

"Nilimsimulia kidogo," Mama Pacha akasema.

"Sawa, mgeni wetu. Nikuulize machache. Unalala wapi?"

"Kwa sasa, hapa."

"Watoto wanasoma wapi?"

"Kwa sasa, hapa."

"Jino likikuuma unakwenda kwa nani?"

"Sijaumwa jino."

"Meno yako yana subira. Mkeo anaishi wapi?"

Baba Pacha akamtazama mkewe kana kwamba anapima kama swali hilo lina mtego. "Na mimi," akasema.

"Basi ngoja nikueleze, kisha unikasirikie." Shangazi akafunga kalamu yake. "Uraia ni mambo ya pasipoti. Ukaazi wa kodi ni mambo mengine kabisa. Unaweza kuwa raia wa kwenu, viza yako ina mwisho, masanduku yako hayajafunguliwa, na bado ukawa mkaazi wa kodi wa hapa tangu siku ulipoingia na familia ukapanga nyumba. Kodi haiulizi moyo wako uko wapi. Inauliza mswaki wako uko wapi."

"Nimekaa kwa muda tu."

"Sote tunakaa kwa muda, baba. Hata mimi hapa nilipo."

Mama Pacha akakitazama kiatu chake ili asicheke.

"Na kwamba wanakata kwenye mshahara," Shangazi akaendelea, "hiyo ni ya mwajiri. Ritani ni wewe kusema mwenyewe: nilifika lini, ninaishi na nani, nilipata nini na wapi. Huenda hudaiwi chochote. Huenda wao ndio wakakurudishia. Lakini usiposema, wao wanakuona kama mtu aliyeingia mkutanoni akakaa nyuma bila salamu."

Baba Pacha akainama mbele. Alikuwa ameweka akiba hoja moja, na sasa akaitoa mfukoni, akaiweka mezani ikagonga kwa mlio. Ulikuwa ule ufunguo wa shaba.

"Nina chumba changu kwetu," akasema. "Nimekifunga mwenyewe. Kitanda, godoro, kila kitu. Nikishuka kwenye ndege leo, nafungua, nalala."

Shangazi akautazama ufunguo kwa heshima. "Mh. Hilo ni jambo. Mtu akiwa na makao kule yaliyo tayari wakati wote, na hajampa mtu mwingine, wanalipima. Nakwambia mapema kwamba kwa mke na watoto walio hapa utashindwa. Lakini ni haki yako kulieleza. Nitaliandika, watauliza, utajibu, watauliza tena. Miezi kadhaa hivi."

"Kibali changu ni Ijumaa," Mama Pacha akasema.

"Najua, mwanangu. Nasema haki yake."

Baba Pacha hakumtazama mkewe. "Unahitaji nini kuliandika?"

"Picha ya chumba itatosha kuanzia."

Ikawa hivyo. Pale pale, kwenye kona ya maktaba, Baba Pacha akampigia mama yake simu ya video, uso wake umechangamka kabla hata haijaita. Mama Pacha akavuta kiti akakaa pembeni. Alikuwa anawafikiria wale mama watatu, na jinsi atakavyowaambia.

Kwenye skrini likatokea sikio, kisha dari, kisha nusu ya uso wa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepiga muda huu? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Nataka unionyeshe chumba changu."

"Chumba gani?"

"Changu, mama. Cha nyuma."

"Cha nyuma," mama akarudia, kama mtu anayeulizwa habari za ndugu wa mbali. "Huko kuna giza."

"Huko sasa hivi ni mchana."

"Giza la ndani."

Nyuma yake akapita mwanamume mwenye povu la sabuni kwenye shavu moja, taulo begani. "Mama," akasema, "beseni langu umelianika wapi?" Akaiona simu, akasalimu kwa adabu, akapita.

Baba Pacha akainamia skrini. "Huyo nani?"

"Huyo ni kinyozi."

"Amekuja kumnyoa nani?"

"Hajaja kunyoa. Anakaa hapa."

"Hapa wapi?"

Mama mkwe akatazama kando, akatazama juu, na alipoona hakuna pa kutazama tena, akasema, "Kwa nyuma."

"Mama, kile chumba nimekifunga. Ufunguo ninao mimi, huu hapa." Akauinua mbele ya kamera.

"Nauona," mama akasema. "Nilibadilisha kitasa."

Shangazi wa Kodi akavua miwani, akaiacha ining'inie kwenye mnyororo. Mama Pacha akajikuta akisoma kwa makini tangazo la ukutani lililowaomba watu wasirudishe vitabu vilivyolowa. Aliusoma mstari ule mpaka akaukariri, maana angemtazama mumewe angecheka, na angecheka angelia.

"Na viatu vyangu vya harusi?"

"Vipo. Anavivaa Jumapili tu."

Kisha, polepole, mhasibu akavaa tena miwani.

"Samahani kwa kuingilia," akasema. "Shikamoo, dada. Hiyo nyumba hati yake ina jina la nani?"

"La mwanangu," mama mkwe akajibu kwa fahari. "Aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali."

"Na mpangaji ni huyo mmoja?"

"Na wale wasichana wa chuo walio chumba cha mbele. Watoto wazuri sana."

Kalamu ikafunguliwa. Shangazi akamgeukia Baba Pacha na kumweleza taratibu, jinsi daktari anavyoeleza. Mkaazi hutangaza mapato yake yote, ya hapa na ya kule. Halipi mara mbili. Kilicholipwa kule kinahesabiwa hapa. Lakini sharti kiandikwe. Na nyumba ikiwa kwa jina lake, pango la kinyozi na la wasichana ni mapato yake.

"Mapato gani? Sijawahi kuona hata senti."

"Anayeyatumia ni mama yako. Hilo malizaneni kifamilia. Kwenye ritani ni yako."

"Nani huyo anayeuliza pango langu?" sauti ikatoka kwenye simu, imebadilika.

"Ni mhasibu, mama. Anataka kujua wanalipa kiasi gani."

"Mtu wa huko ana nini na wapangaji wa huku? Mwambie aje aniulize mwenyewe, nitamkaribisha vizuri." Na skrini ikawa nyeusi.

"Mtandao umekatika," Baba Pacha akasema.

"Mtandao haujambo," mkewe akasema. "Mama yako ndiye aliyekata."

Baba Pacha akauchukua ufunguo wake mezani. Alipoingia maktaba alikuwa mgeni. Sasa alikuwa mkaazi, tena mwenye nyumba na wapangaji, na hakuna hata kimoja alichoomba. "Basi tuandike hakuna pango," akasema kwa uchovu. "Nani atajua?"

Shangazi akajimiminia chai. "Mimi nimezeeka," akasema. "Kuna maneno siyasikii."

"Mimi nayasikia," Mama Pacha akasema. "Nataka watu waniachie watoto wao wachanga. Siwezi kuanza kwa karatasi ya uongo, siku ya kwanza. Ama tunaandika vyote, ama narudi kwenye mashuka."

Shangazi alikuwa na nafasi Jumatano, nyumbani kwake. "Mkija na hesabu ya pango," akasema, "ritani inakwenda siku hiyohiyo, na uthibitisho unatoka kesho yake. Msipokuja nayo, sina la kuwasaidia."

Jumapili Baba Pacha alimpigia mama yake mara tatu. Mara ya kwanza mama alikuwa anapika. Mara ya pili alikuwa amelala, alisema hivyo yeye mwenyewe. Mara ya tatu alipokea kinyozi, akasema kwa upole kwamba mama ametoka, na nyuma yake sauti ya mama ikasikika ikisema, "Mwambie nimekwenda mbali."

Baba Pacha akaenda kulala kitanda cha chini cha watoto, miguu ikiwa nje, macho kwenye mbao za juu. Pacha walikuja wakamtazama.

"Baba anaumwa?" msichana akauliza.

"Baba amefukuzwa chumba," mama yao akajibu. "Atapona."

Alisema kwa mzaha lakini hakupenda alivyomwona. Mtu anaweza kukutania mwaka mzima kwa sababu ya masanduku, akaja kugundua kwamba masanduku yale ndiyo yaliyokuwa yanakushikilia. Akachukua simu, akaingia jikoni, akaiegemeza kwenye mtungi wa sukari ili amenye viazi huku anaongea. Hakuufunga mlango; jikoni kwao mlango haukuwahi kufunga. Akampigia mama mkwe kwa namba yake mwenyewe, na mama mkwe, ambaye alikuwa anamkwepa mwanawe lakini hana ugomvi na mkwewe, akapokea.

Wakasalimiana kwa utulivu, watu, afya, mvua. Kisha Mama Pacha akasema, "Mama, sitakuzungusha. Naomba unitajie wapangaji wanalipa nini, na kama kuna kodi unayoilipia serikali ya huko."

"Amekutuma."

"Hajui kama napiga. Amelala kitanda cha watoto."

"Hamtaki kinyozi wangu."

"Hajasema hivyo. Sikiliza, mama, nikupangie jambo lilivyo. Bila hesabu hiyo, ritani haiendi. Bila ritani, kibali sipati, na kazi nimekwisha aga. Mshahara mmoja hautulishi huku. Kwa hiyo tutafanya alivyosema mwanao siku zote. Tutafunga mikanda, masanduku yenyewe yako tayari, tunarudi. Sote wanne. Pacha chumba cha mbele, sisi chumba cha nyuma. Kinyozi na wasichana wa chuo watafute pengine."

Kiazi kimoja kikamenywa, na kingine.

"Kalamu unayo?" mama mkwe akauliza.

"Ninayo."

"Basi andika."

Akataja yote. Wanalipa nini, tangu mwezi gani, nani alichelewa na kwa udhuru upi. Kodi ya serikali ya mtaa alikuwa anailipa bila kukosa, stakabadhi zilikuwa chini ya godoro, angemtuma msichana mmoja wa chuo azipige picha usiku huohuo. Ilionekana alikuwa mwenye nyumba makini kuliko wengi. Alipomaliza akavuta pumzi.

"Mkwe wangu, usije ukamwambia mwanangu kwamba nimeogopa kurudi kwake."

"Sitamwambia," Mama Pacha akasema. Akageuka kuchukua sufuria, akamwona mumewe amesimama mlangoni kwa soksi.

"Si kwamba simtaki," sauti ikaendelea. "Miezi ya mwanzo kila Jumamosi niliingia kwa dirisha la chumba kile nikafuta vumbi, nikawa naanika godoro. Nalitoa kwa dirisha, nalipiga fimbo, nalirudisha. Godoro la mtu asiyekuja. Siku moja nikakaa juu yake palepale uani nikalia, majirani wakadhani nimefiwa. Nikasema basi. Nikamwita fundi wa vitasa, nikaweka watu. Kinyozi anakohoa usiku, wale wasichana wanacheka mpaka usingizi unakimbia, mwingine anaunguza chakula. Sasa nyumba ina watu. Nalala."

Baba Pacha akaja akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaichukua simu. "Mama."

Mama mkwe akasogea karibu na kamera. "Ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa mlangoni. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeumia. Wewe ukipiga kila mara unasema, chumba changu, chumba changu. Nikaona nikuache nacho. Na wewe kwa nini hukuniambia umehama?"

"Ungeumia."

"Basi tulikuwa tunadanganyana vizuri," mama akasema. "Hakuna aliyepungukiwa."

Baba Pacha akacheka, kicheko kidogo kilichotoka puani, na Mama Pacha akawageukia viazi vyake kwa sababu mambo mengine hayahitaji mtu wa tatu. Alisikia mumewe akiuliza juu ya viatu vya harusi, kama vinambana kinyozi. Vilimbana kidogo, lakini mtu mwenyewe halalamiki.

Jumatano, sebuleni kwa Shangazi wa Kodi, walijaza ritani. Palipoulizwa tarehe aliyofika kwa ajili ya kukaa, kalamu ya Shangazi ikangoja. Mama Pacha akajiandaa kwa hotuba. Mumewe akaitaja siku ya ndege, mara moja, bila "kwa sasa". Palipoulizwa mapato ya nje, akasoma alivyoandika mkewe, nyuma ya karatasi ya ratiba ya chakula cha watoto.

"Kuna matengenezo yoyote ya nyumba mwaka jana?" Shangazi akauliza. "Yanapunguza kodi."

"Kitasa," Baba Pacha akasema.

Shangazi akakiandika kitasa bila kucheka, na Mama Pacha akamheshimu kwa hilo kwa muda mrefu baadaye. Mumewe akasaini. Kisha akabaki ameishika kalamu, anaitazama saini yake kama fundi anayesikiliza kama lifti imetulia. Chai ya siku hiyo walipewa.

Uthibitisho ulitoka Alhamisi, Ijumaa asubuhi Mama Pacha alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya vibali, na wiki iliyofuata watoto watatu wa watu walikuwa sebuleni kwake, wawili wanagombania gari la plastiki na mmoja analala.

Mkaguzi aliyekuja tena baada ya kibali alisema mashuka ya dirishani hayafai, yanavutika, mtoto anaweza kujifunika nayo. Baba Pacha akanunua mapazia. Alipokwenda kuyachagua alikaa dukani muda mrefu kuliko mkewe alivyowahi kukaa, akarudi na ya kijani, akasema rangi nyingine zote zilikuwa za watu wanaopita. Jumamosi hiyo akashusha sanduku la kwanza kutafuta drili yake nzuri. Humo akakuta zawadi alizokuwa akizinunua kidogo kidogo kwa ajili ya siku ya kurudi: taulo, redio ya mkono, na jozi sita za viatu vya watoto wa dada yake, ambao kwa sasa miguu yao ilikwisha kuvizidi. Mama Pacha akavipanga viatu mlangoni, vikawa viatu vya ndani vya wanafunzi wake. Saa ya ukutani haikuguswa. Pacha walikataa, walisema Bibi akiamka wajue.

Baba Pacha akiwa juu ya ngazi, reli ya pazia begani na skrubu mdomoni, simu yake ikaita. Mkewe akamwekea sauti ya nje.

"Mwanangu," mama yake akasema, "yule mhasibu wenu alisema matengenezo yanapunguza?"

"Mm," akajibu kwa skrubu.

"Vizuri. Paa la nyuma linavuja. Kinyozi ameweka beseni. Kwa kuwa sasa wewe ndiye mwenye nyumba, tena kwa maandishi, nimemwita fundi, atakutumia gharama."

Baba Pacha akatoa skrubu mdomoni. "Mama, kwani pango linakwenda wapi?"

"Hilo tulisema tulimalize kifamilia," mama akajibu. "Nimelimaliza."

Mama Pacha akamshikia ngazi kwa mkono mmoja, maana mumewe alikuwa anatikisika, na hakujua kama ni hasira mpaka alipomsikia anacheka. Chini yao, mtoto mdogo kuliko wote alikuwa ameokota ufunguo wa shaba ulioanguka kutoka mfukoni mwa Baba Pacha. Alikuwa anaujaribu kwenye kila tundu alilolifikia: mlango wa kabati, spika ya redio, kisha kufuli la sanduku lililo wazi. Hakuna lililokubali. Akauhamishia mkono mwingine, akaendelea.

"Mnyang'anye, ataumeza," Baba Pacha akasema kutoka juu.

"Mkubwa mno huo, haumezeki. Na wewe usishuke," mkewe akasema. "Pazia limekaa upande."